Tumbo Langu na Namba za Nyuma ya Pakiti

Habari za choo hazisemwi mezani, wala hazisemwi kanisani. Siku niliposimama mbele ya usharika wetu kumshukuru Mungu kwa kunirudishia afya, nilisema tu kwamba nilikuwa nasumbuliwa na tumbo. Watu wakaitikia Amina, nikakaa. Baada ya ibada akina mama wakanifuata, mmoja mmoja, kila mmoja akinivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini lilikuwa tumbo la namna gani, na kama damu ilikuwa inatoka. Mmoja wao alikuwa na binti aliye chuoni anayetokwa damu, na hajamwambia mtu mwingine. Ndipo nilipoona kwamba ushuhuda ule haukuwafikia waliouhitaji. Huu ninaouandika ndio wenyewe, wote.

Nimezaliwa na kukulia upande wa Ngarenanyuki, karibu na lango la Momela la Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Wageni wakisikia Meru hufikiri sote tunaishi migombani. Migomba mingi iko upande wa mvua, Akheri, Poli na Nkoaranga. Sisi tuko upande mkavu wa mlima, ambako watu hulima nyanya na vitunguu kwa maji ya mifereji, mahindi na maharage mvua ikijalia, na mifugo iko karibu kila boma. Nimelelewa kwa makande, kwa loshoro ya mahindi yaliyokobolewa na maziwa ya mgando, kwa mboga za majani zilizochumwa kando ya mfereji, na kwa ndizi zilizonunuliwa gulioni zikitoka Leguruki na King'ori. Hakuna aliyekuwa akizungumzia nyuzinyuzi wala bakteria. Tulikula kilichokuwepo.

Nilipohamia mjini Arusha nilifungua kibanda cha uwakala wa pesa kwa simu, Ngarenaro. Wakala haondoki kibandani. Pesa taslimu ziko kwenye droo, floti iko kwenye simu, na mteja anayekuta umefunga anakwenda kwa jirani na harudi tena. Nilifungua alfajiri na kufunga usiku. Chakula changu kilitoka duka lililopakana nami: mkate mweupe wa kukatwa, soseji za kukaanga, biskuti zenye krimu katikati, tambi za dakika chache na kipakiti chake cha ladha, mtindi wa kikombe wenye rangi ya waridi, juisi ya unga wa kukoroga, na vinywaji vya kuongeza nguvu mchana usingizi uliponizidi. Havikuhitaji sahani wala kunawa, na mikono yangu ilikuwa kwenye noti kutwa nzima. Vijana wengi wa mjini wanakula hivyo leo: waendesha bodaboda, walinzi wa mageti, wauza mitumba. Wasilaumiwe. Kazi ndiyo inayopanga mlo, na mlo ulio karibu na rahisi ndio huo.

Ugonjwa ulianza kwa tumbo kujaa gesi na kunguruma. Kisha haja ikawa inanibana ghafla, hainipi nafasi. Choo kilikuwa cha wapangaji wote, nyuma ya nyumba, na ufunguo ulikaa kwa mama mwenye nyumba. Hebu fikiria: mteja amesimama dirishani anataka kutoa laki mbili, nawe jasho linakutoka, unajua una dakika moja tu. Nilikuwa nafunga dirisha bila maelezo. Wengine walinitukana, wengine walidhani nawakimbia na pesa zao. Nikaanza kushinda njaa makusudi ili nisiende chooni, na usiku nikala mara moja, tena vilevile vya pakiti. Baadaye choo kikawa na ute. Baadaye ute ukawa na damu.

Zahanati ya kwanza ilipima damu, ikasema ni taifodi. Nikameza sipro, nikapata nafuu kidogo, ugonjwa ukarudi. Zahanati ya pili nayo ikasema taifodi, ikaongeza na UTI, nikachomwa sindano. Kwenye duka la dawa nikaambiwa, "Hiyo ni amiba tu dada," nikapewa metronidazo. Mzunguko huo Watanzania wengi wanaufahamu. Kipimo cha Widal, ambacho zahanati nyingi hukitegemea kutafuta taifodi, huangalia kingamwili zilizo kwenye damu. Hakiwezi kutenganisha ugonjwa wa leo na ule ulioupata zamani, na magonjwa mengine yanaweza kukifanya kitoe jibu la uongo. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, nacho huchukua siku kadhaa. Mgonjwa anayeharisha damu akipewa jibu la Widal la nusu saa, anarudi nyumbani na dawa za kuua bakteria. Dawa hizo haziulizi bakteria gani wema na gani wabaya. Zinafyeka.

Nilipungua sana. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba nina virusi. Nilipima, majibu yakawa hasi, lakini majibu hayasomwi mtaani. Shangazi yangu, ambaye ananipenda na ndiye aliyenilea mama alipokuwa mgonjwa, alisema ni jicho la mtu aliyeona biashara yangu inakwenda. Sikubishana naye. Mwenye maumivu huchoka kubishana. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuja siku moja kutoka Momela, akanitazama nilivyokaa kwenye kibanda nimeegemea ukuta, akarudi nyumbani bila kusema neno. Wiki iliyofuata alikuja na pesa za dume la ng'ombe. Tukaenda Moshi, hospitali kubwa, kwa daktari wa tumbo.

Kipimo chenyewe ni cha kamera, nacho kinapita nyuma. Nasema wazi kwa sababu hofu ya kipimo hicho imewazuia wengi. Siku moja kabla unakunywa maji yenye dawa ya kusafisha utumbo, unaharisha mpaka inatoka maji matupu. Siku yenyewe unalala ubavu, unapewa dawa ya usingizi mwepesi. Muuguzi mmoja wa makamo alinishika mkono muda wote, akiniita mwanangu. Maumivu yalikuwepo, yalivumilika, yakaisha. Aibu niliyokuwa nayo iliisha kabla ya maumivu.

"Mama, utumbo wako mpana una vidonda," daktari aliniambia baada ya majibu ya vinyama alivyovikata kupimwa. "Si saratani. Si amiba, si kichocho, si kifua kikuu cha utumbo." Aliniorodheshea yasiyokuwepo kwa utaratibu, kwa kuwa hayo yote kwetu yapo na yote yanaweza kutoa damu. Yangu ilikuwa kolaitisi ya vidonda: kinga ya mwili imechochewa dhidi ya utumbo wenyewe, na ngozi laini ya ndani imevimba na kuchubuka. Madaktari wa zamani waliamini ugonjwa huo ni wa Ulaya na Marekani tu. Sasa wanauona Afrika, zaidi mijini. Nilipewa predinisoloni kutuliza uvimbe, kisha salfasalazini ya kumeza kila siku. Dawa ndizo zilizosimamisha damu yangu. Nalisema hili kwanza na kwa uzito, ili asitokee mtu akasoma habari za vyakula zinazofuata akadhani nimepona kwa ndizi na mgando. Bila dawa nisingekuwa hai kuandika.

Lakini daktari alinipeleka pia kwa mtaalamu wa lishe, na swali la yule dada lilikuwa rahisi: unakula nini, tangu asubuhi mpaka usiku, kila siku? Nilipomtajia akaandika, akaandika, kisha akaniomba siku nyingine nije na pakiti tupu za vyote nilivyozoea kula. Mtoto wa kaka yangu, ambaye anasomea maabara, ndiye aliyenisaidia kuzisoma. Tulikaa sakafuni chumbani kwangu, pakiti zimetandazwa, yeye na simu yake ya kumulika yale maandishi madogo.

"Shangazi, hii ni 407. Hii 466. Huku kuna 471, 211, 621. Na hii juisi ina 951 na 955, wala matunda hayamo."

Namba hizo hutolewa na Codex, tume ya viwango vya chakula iliyoundwa na FAO na WHO mwaka 1963. Viongezeo vingi vya chakula cha kiwandani vina namba zake. Wengine hutanguliza herufi E, wengine INS, namba kwa kawaida ni ileile. Namba kuwepo haimaanishi sumu. Namba 300 ni vitamini C. Namba 414 ni ulimbo wa mgunga, ambao Sudan huuza nje kuliko nchi yoyote, na ulimbo huo ni nyuzinyuzi ambazo bakteria wa tumboni hunufaika nazo. Chumvi yetu imeongezwa madini ya joto, na yameokoa wengi na rovu. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikalaani kila kilichoongezwa. Zipo namba za kunyamazia na zipo namba za kuuliza.

Ili kuelewa zile za kuulizwa, ni lazima mtu aelewe utumbo mpana unavyoishi. Ndani yake mna bakteria kwa matrilioni. Tunapokula maharage, ndizi, mahindi yasiyokobolewa sana, ulezi na mboga, sehemu ambayo sisi hatuwezi kuisaga inawafikia wao. Wanaichachua, na katika kuichachua wanatoa asidi ndogondogo za mafuta. Mojawapo, byutireti, ndiyo chakula kikuu cha chembe za ukuta wa utumbo mpana. Ukuta wangu mimi unalishwa na wageni ninaowalisha mimi. Kati ya bakteria na ukuta kuna ute, na tabaka la ndani la ute huo kwa mtu mzima wa afya karibu halina bakteria kabisa. Kwa watu wa Momela nitasema hivi: ni kama mpaka wa hifadhi na shamba. Nyati akikaa upande wake ni mali, watalii wanakuja kumtazama. Akivuka, mahindi yamekwisha na watu wanashika silaha. Bakteria walewale wanaotulisha wakivuka ute na kuugusa ukuta, kinga ya mwili inaamka na kuanza vita, na vita hiyo inapiganwa ndani ya nyama yetu.

Namba 466 na 433 ni emalsifaya, vitu vinavyoshikanisha mafuta na maji ili krimu isijitenge na aiskrimu iwe laini. Mwaka 2015 Benoit Chassaing na Andrew Gewirtz, wakiwa Atlanta, Marekani, walichapisha katika jarida la Nature kwamba panya waliowapa emalsifaya hizo mbili ute wao ulipungua, bakteria wakasogea karibu na ukuta, na uvimbe mdogo wa kudumu ukaanza. Panya waliokuwa na udhaifu wa kuzaliwa wa utumbo ndio walioumwa zaidi kolaitisi. Baadaye wakajaribu kwa binadamu, matokeo yakachapishwa 2022: watu wazima 16, kwa siku 11, chakula kisicho na viongezeo, sehemu yao wakiongezewa gramu 15 za namba 466 kila siku, kiasi kikubwa. Waliokula namba hiyo walilalamika zaidi tumbo baada ya kula, aina za bakteria wao zikapungua, na zile asidi njema zikapungua pia. Kwa wawili kati yao bakteria walionekana wamepenya ndani ya ute. Wawili si wengi. Lakini mimi niliposoma hivyo niliwaza: hao wawili ni watu gani, na mimi ningekuwa upande upi?

Namba 407 ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa sababu ni yetu. Ni karajinani, inayotolewa kwenye mwani. Mwani huo wanawake wenzetu wa Paje, Jambiani na Pemba wanaulima baharini, maji yakiwa yametoka, migongo imeinama, tangu kilimo hicho kilipoanza Zanzibar mwaka 1989. Wanauanika, unauzwa nje kwa bei ndogo, viwanda vinaugeuza kuwa unga, na unga unarudi kwetu ndani ya mtindi wa rangi na soseji. Mwaka 2017 lilichapishwa jaribio dogo la Marekani kwa wagonjwa 12 wenye kolaitisi ya vidonda iliyotulia, watu wa ugonjwa wangu hasa. Waliomeza vidonge vya karajinani, baadhi yao ugonjwa uliamka. Waliomeza vidonge vitupu, hakuna hata mmoja. Wagonjwa 12 ni wachache mno kuamulia sera ya nchi. Kwangu mimi walitosha kuniambia niuache ule mtindi wa waridi. Nawaombea wale akina mama wa mwani soko lingine: wapo tayari kule Zanzibar wanaotengeneza sabuni na mafuta ya kujipaka kutokana na mwani wao wenyewe, na pesa inabaki kijijini.

Daktari wangu hakuwahi kusema kwamba soseji ndizo zilizoniletea ugonjwa. Alisema ugonjwa huu unahitaji mambo kadhaa yakutane: mwili uliozaliwa na mwelekeo huo, bakteria waliovurugika, dawa za kuua bakteria zilizorudiwa, chakula kisicho na nyuzinyuzi, na pengine hivyo viongezeo vinavyolainisha ute. Nami nilikuwa nayo karibu yote kwa pamoja. Kwa ndugu zetu wenye ugonjwa wa Krohni, ambao ni jirani wa huu wangu, King's College London walijaribu mlo wenye emalsifaya kidogo kwa wagonjwa 154 kwa wiki 8, na waliopewa mlo huo walipata nafuu wengi zaidi kuliko wenzao ambao mlo wao ulikuwa na emalsifaya. Kula si dawa, lakini kula kunaweza kuisaidia dawa au kuipiga vita.

Nilifunga kibanda, nikarudi Momela kupona. Yule dada wa lishe alikuwa amenionya: utumbo wenye vidonda wazi haupewi makande siku ya kwanza. Nilianza na uji mwepesi, viazi vilivyopondwa, ndizi zilizoiva, supu. Damu ilipokoma kwa muda, nikaongeza maharage kidogo yaliyoiva mpaka kupondeka, kisha mboga, kisha loshoro. Mama yangu alikuwa ananipimia kwa kikombe cha chai. Maziwa tuliyachemsha kwanza ndipo tukayagandisha, kwa kuwa ugonjwa wa brusela upo kwenye mifugo ya kaskazini, na mtu anayemeza predinisoloni hana kinga ya kuchezea.

Na hapa ni lazima niseme jambo ambalo baadhi ya watu wa kwetu hawatalipenda. Nyumbani nako kuna kiongezeo, hakina namba wala pakiti: magadi. Tunayaweka kwenye makande na maharage ili yaive upesi na kuokoa kuni. Ukanda huu wote wa Momela ni wa maji ya chumvichumvi. Maziwa yetu ambayo flamingo hushuka kwa maelfu ni ya magadi, na maji yake yana floraidi nyingi. Mito yetu pia inayo, kuzidi ule mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita uliowekwa na Shirika la Afya Duniani. Meno yetu ya kahawia na miguu iliyopinda ya baadhi ya watoto wa Ngarenanyuki na Maji ya Chai ni ushahidi tunaoubeba usoni na mwilini. Serikali iliweka kituo cha utafiti Ngurdoto kwa ajili ya kupunguza floraidi kwenye maji, na mkaa wa mifupa umekuwa ukitumika kuyachuja. Watafiti wa meno waliofanya kazi kaskazini mwa Tanzania waligundua kwamba hata pale maji yasipokuwa na floraidi nyingi, watoto wengine meno yao yameharibika, na magadi ya kupikia ni sababu mojawapo. Tena magadi huharibu vitamini B1 kwenye chakula, na floraidi nyingi huchubua tumbo.

Mama alinisikiliza. Alisema bibi yake alipika kwa magadi na aliishi miaka mingi. Nikamwomba tujaribu tu: tuloweke maharage na mahindi usiku kucha, tumwage yale maji, tupike kwa sufuria yenye mfuniko mzito. Yaliiva. Kuloweka na kumwaga maji kulipunguza pia ile gesi iliyokuwa ikinitesa. Tangu hapo magadi hayajaingia jikoni mwetu, na watoto wa kaka wanapikiwa kwa maji ya mvua. Nayasema haya kwa sababu siku hizi ukitaja vyakula vya kiwandani, watu hukimbilia kusema "turudi kwenye asili". Asili nayo isomwe. Magadi ni ya asili.

Hata hivyo upande wa mlo wetu wa zamani sasa una ushahidi mkubwa, na umetoka jirani kabisa, Kilimanjaro. Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha kazi ya watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, akiwemo Godfrey Temba na Quirijn de Mast. Walichukua vijana wa kiume 77 wenye afya. Wa kijijini waliokuwa wakila ndizi na maharage, mboga na nafaka nzima walibadilishiwa kwa wiki mbili wakala soseji, mkate mweupe na chipsi. Wa mjini wakapewa mlo wa kijijini. Kundi jingine likanywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, kwa wiki moja. Damu ya waliohamia mlo wa mjini ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kuongezeka, na chembe zao za kinga zikapambana na vimelea kwa udhaifu zaidi. Waliohamia mlo wa nyumbani, na hao wa mbege, uvimbe ulipungua. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki 4 baadaye. Wiki mbili tu za kula! Jaribio hilo lilipima mlo mzima, halikupima namba moja moja za pakiti, na vijana hao hawakuwa wagonjwa. Lakini nilipolisoma nililia, kwa sababu lilikuwa linaeleza safari ya mwili wangu kutoka Momela kwenda Ngarenaro.

Huko Eyasi, Wahadzabe wamewafundisha wanasayansi wa Stanford jambo jingine. Mwaka 2017 wanasayansi hao walionyesha kwamba bakteria wa tumboni mwa Wahadzabe hubadilika na msimu: aina nyingine hufifia wakati wa asali na matunda madogo ya mvua, kisha hurudi kiangazi, wakati wa nyama. Zilizofifia zinaweza kurudi. Sentensi hiyo ilinipa nguvu kipindi ambacho nilidhani tumbo langu limekwisha.

Leo nimerudi mjini. Kibanda nimekihamishia mahali penye choo karibu, na nimemwajiri binti wa jirani ili mmoja wetu aweze kuondoka. Nabeba chakula kwenye hotipoti. Dawa nameza kila siku, na kila nikiitwa kwa kipimo cha kamera nakwenda, kwa kuwa kolaitisi ya miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya utumbo. Ugonjwa umeamka tena tangu hapo, kipindi cha msiba wa mama, tukautuliza mapema. Sijasema nimepona. Nimesema naishi, nafanya kazi, nalala usiku.

Shirika la Viwango, TBS, ndilo lenye jukumu la usalama wa chakula tangu lilipokabidhiwa kazi hiyo mwaka 2019. Naomba jambo moja kutoka kwao na kwa wenye viwanda: majina ya viongezeo yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mama anayeuza genge anaweza kuzisoma bila tochi ya simu. Tuna haki ya kujua tunachowalisha watoto.

Na kwako unayesoma huku unaficha: damu chooni si taifodi mpaka iwe imethibitishwa, na si aibu. Ukiambiwa taifodi mara ya pili ndani ya miezi michache na damu bado inatoka, omba rufaa ya daktari wa tumbo na uulizie kipimo cha kamera. Usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu ya chakula chochote, hata kama ni hiki nilichokisifu hapa. Na umwambie mtu mmoja nyumbani, leo.